Tazameni Upande wa Kulia

Kisigino cha kiatu chake kilinasa katikati ya mbao za gati, tena mbele ya umati mzima uliokuwa ukisukumana kupanda boti ya matembezi ya usiku. Ilikuwa siku yake ya kwanza kazini. Gauni la bluu la sare lilimbana kiunoni, na maneno yote aliyokariri juu ya daraja la chuma na mnara wa saa yalikuwa yakimtoka kichwani.

"Dada, gati hili ni letu sote," sauti ya kiume ilisema nyuma yake. "Usiling'oe peke yako."

Aligeuka kwa hasira. Kijana mrefu, shati jeusi, glavu za ngozi zimechomoza mfukoni, alikuwa amekumbatia boksi kana kwamba amebeba mtoto.

"Badala ya kunicheka, si unisaidie?"

"Humu mna taa mpya. Nikiiangusha, leo utawaonyesha wageni giza tupu. Si ndiwe mtembeza wageni mpya?"

"Na wewe nani?"

"Mimi ndiye macho yako," alijibu. Akaweka boksi chini taratibu, akapiga goti, akakichomoa kiatu.

Wenzake walimwita Kurunzi. Kazi yake ilikuwa kukaa juu ya paa la boti, nyuma ya taa kubwa, akiizungusha kwa mikono miwili. Msichana alisimama chini na kipaza sauti, na alichokitaja yeye, Kurunzi alikimulika. Akisema daraja, daraja linatokea gizani. Akisema mnara, mnara huo hapo, na wageni wanaacha sahani zao na kupiga makofi. Haikuchukua muda wakawa hawahitaji hata kupeana ishara. Kurunzi ndiye aliyembandika jina la Chiriku, kwa jinsi alivyokuwa hodari wa kusema, na boti nzima ikalichukua.

Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo taa ilizimwa. Ilikuwa kwenye kona ya mto, ukishapita kiwanda cha nguo kilichofungwa, upande wa kulia. Hapo bendi ilipiga wimbo wa polepole, watu wakacheza wamekumbatiana, na simu ya Chiriku ikaita.

"Chiriku wangu, mbona kimya? Umemeza kipaza sauti?"

"Umenizimia taa, niseme nini?"

"Giza hili ni letu, mpenzi. Wageni wana mto mzima, sisi tuachiwe kona."

"Mwongo wewe! Unazima ili usione nilivyochoka."

"Hata ukichoka ni wangu. Nazima kwa ajili yako."

Maneno matamu hayo, na Chiriku aliyaamini yote. Alilala nayo, akaamka nayo. Kitu kimoja tu kilimkera. Kila alipomwambia mwenzake, "Nipeleke kwenu basi, mama akanione," Kurunzi aliangalia pembeni. Mama hajisikii vizuri. Wiki ijayo. Mara nyumba inapakwa rangi. Mwanamume anayekupenda akuonyeshe nyota zote za mbinguni lakini si mlango wa kwao! Moyo wa Chiriku ukaanza kuingia mchwa.

Aliyemaliza kazi ni mwimbaji wa bendi, walipokuwa wakibadilisha nguo.

"Mdogo wangu," alisema akifuta rangi ya mdomo, "taa ile huzimwa pale tangu wewe hujaja. Kuna mwanamke husimama kwenye ngazi za ukingoni, kila usiku, kavaa gauni linalong'aa."

"Mwanamke gani?"

"Mimi naimba tu, sipelelezi. Ila uwe na macho."

Kesho yake Chiriku alimkabili Kurunzi palepale gatini. "Nani yule anayesimama kwenye kona?"

Kurunzi alikuwa anavaa glavu. Akaivua, akaivaa tena. "Hakuna mtu pale."

"Niangalie usoni useme hivyo."

"Chiriku, tafadhali. Wageni wanapanda."

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Neno moja tu lingetosha, nalo ni neno la kwanza ambalo kila mtoto hujifunza. Lakini aibu ilimkaba kijana wa watu, akapanda zake juu ya paa.

Usiku huo boti ilipofika konani, taa ikazimwa. Simu ya Chiriku ikaita. Akaikata. Wivu haujawahi kumshauri mtu jambo la maana. Akainua kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana, tazameni upande wa kulia! Hapa pana kitu kizuri ambacho mwenye taa wetu hupenda kukifaidi peke yake. Mnataka kukiona?"

"Tunataka!" wageni waliitikia, wengine wakigonga meza.

Nahodha, ambaye furaha ya wageni ndiyo ugali wake, alitoa kichwa dirishani. "Kurunzi! Washa, usitucheleweshe!"

Simu ikaita tena. Chiriku aliona jina likiwaka kiganjani mwake, akaliacha liwake mpaka likazimika. Kisha taa kubwa ikawaka.

Alikuwa ajuza. Gauni lilikuwa jeupe, la harusi ya zamani, shanga zake bado zinameta ingawa mwili ulikwisha kulikimbia. Nywele zilichanwa vizuri. Mwanga ulipomgusa alitabasamu, akanyoosha mikono yote miwili. Wageni wakaangua kicheko na kuinua simu zao kupiga picha. Bibi yule akaanza kushuka ngazi, ya kwanza, ya pili, mpaka maji yakamfika magotini, na bado anatabasamu. Nyuma yake mwanamke mwingine alitoka mbio akipiga kelele, "Mama! Si yeye! Rudi, mama, si yeye!"

Taa ilizimwa. Boti ikaendelea na safari yake, na juu ya paa mtu alisikika akilia.

Walipotia nanga, Kurunzi alimsimulia kila kitu kwa sauti kavu, bila kumtazama. Baba yake alikuwa nahodha wa boti ya mizigo. Akifika konani usiku huzimulika zile ngazi, mkewe ajue mume amerudi na chombo kinatia nanga. Safari moja hakurudi. Wengine walisema kazama, wengine walisema kaoa ng'ambo. Mama akili ikamruka. Tangu hapo kila jioni huvaa gauni lake na kungoja kumulikwa.

"Kazi hii niliiomba ili taa asiishike mtu mwingine," alisema. "Na leo nimemmulika mimi."

"Kwa nini hukuniambia, mpenzi wangu? Kwa nini?"

"Niliona aibu, nikaogopa usije ukasema ukoo wetu una wazimu. Nilitaka nikuoe kwanza, ndipo nikuonyeshe yeye."

Kesho yake hakuja kazini. Chiriku alipiga simu mpaka kidole kikamuuma. Siku yake ya mapumziko ilipofika, alikwenda mwenyewe kwao Kurunzi, kule konani. Dada yake Kurunzi, yuleyule aliyemkimbilia mama majini, alimfungulia bila salamu, akamwonyesha chumba kwa kidevu. Gauni lilining'inia kwenye msumari, pindo lina tope lililokauka. Mama alikuwa kitandani, bakuli la uji halijaguswa.

"Shikamoo, mama."

Ajuza aligeuka upesi. "Marahaba. Wewe ndiye unayesema kwenye chombo."

"Ndimi, mama."

"Una sauti nzuri. Uliposema watu watazame, nikajua kaja, maana hapa hakuna kingine cha kutazama ila mimi. Alinimulika, mwanangu. Aliniona vizuri. Akapita."

"Mama, hakuwa..." Chiriku alikwama. Angesema aliyeshika taa ni mwanawe, angemwongezea kidonda juu ya kidonda. Akalia tu.

"Usilie. Ningefia gizani, ningekufa namngoja mume wangu. Sasa nakufa nimeachwa." Akageukia ukutani.

Kurunzi alikuwa nje, amekaa kwenye ngazi zilezile. Chiriku alikaa karibu naye.

"Niache nikae hapa tumuuguze pamoja. Unisamehe, unioe hapahapa, sitaki sherehe."

"Nimekusamehe, Chiriku. Nilikudanganya mimi kwanza."

"Basi?"

"Basi kila ukifungua mdomo, namwona mama anashuka hizi ngazi. Nitaishije na mke ambaye kutwa namwombea anyamaze?"

Chiriku aliinuka, akaondoka bila kuaga. Yeye, ambaye hakukosa neno hata siku moja.

Mama hakukaa sana. Walimzika bila gauni lake, kama alivyotaka mwenyewe. Boti ikapata mwenye taa mwingine, na Chiriku alimfundisha kitu kimoja tu, kwamba konani taa inazimwa. Kila usiku hapo hushika simu yake mkononi. Haikuita, mpaka usiku mmoja ikaita.

"Upo?"

"Nipo. Uko wapi?"

"Nipo kwenye ngazi, pale aliposimama mama. Nilitaka nione alichokuwa anakiona."

"Unaona nini?"

"Chombo kizuri. Kina taa za rangi, watu wanacheza. Kinapita."

"Nimwambie nahodha asimame? Nitashuka, wallahi nitaruka hata majini."

"Usimwambie."

"Nikumulike basi, nikuone tu. Mara moja tu, mpenzi."

"Hapana, Chiriku. Wewe sema. Nikusikie mara ya mwisho."

"Niseme nini?"

"Sema habari za ng'ambo ya mto."

Simu ikakatika. Wageni walikuwa wanamtazama, mmoja ameshaanza kuchungulia gizani kwenye ukingo. Chiriku alifuta macho kwa mkono wa sare, akainua kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana," alisema, "tazameni upande wa kushoto."

Wote wakageuka.