Risasi Iliyouenea Mtutu

Jua lilikuwa linazama nyuma ya kilima cha mgodi Verlin Stiltner alipoingia kibandani kwa Dorsey Blankenship, bunduki ya marehemu baba yake begani. Alitaka kuazima kalibu ya kumiminia risasi.

"Kalibu ninazo," Dorsey alisema bila kuinuka. Mbele yake sufuria ya chuma ilikuwa motoni, madini ya risasi yameyeyuka yanang'aa. "Akili ndiyo siazimishi. Una shida gani?"

"Bunduki haipigi."

"Haipigi, au wewe ndiye hupigi?"

Verlin hakucheka. Msimu mzima hakuwa ameangusha kulungu hata mmoja. Risasi alizozimimina mwenyewe zilikwenda zilikotaka. Nyingine zilitoboa ubao wa shabaha kwa ubavu, zikaacha tundu refu.

"Orpha kaifunga," alisema kwa sauti ya chini.

Dorsey akaacha kukoroga.

Bonde zima lilijua habari ile. Orpha alikuwa mjane wa Coy, mdogo wake Verlin. Siku msimu wa kuwinda ulipofunguliwa, Verlin alimwomba Coy amshikie zamu mgodini ili yeye aende msituni. Dari la mgodi likaporomoka. Makaburini, mbele ya mchungaji, Orpha alimtazama shemeji yake akasema, "Bunduki hiyo haitakuangushia kitu tena."

Na haikuangusha.

"Ilete hapa," Dorsey alisema.

Alichukua kipande laini cha madini, akakipaka mafuta, akakigonga taratibu kwa ufito mpaka kikapenya mtutu mzima na kutokea upande wa pili. Kilitoka kimechorwa mifuo yote, ile mitaro ya ndani inayozungusha risasi. Akakibana kwenye kipimio. Kisha akapima risasi moja ya Verlin.

"Hii uliikaza kwenye pete ya chuma ya unene gani, kuipunguza?"

"Ile ya namba iliyogongwa kwenye mtutu. Ndivyo mzee alivyokuwa akifanya."

"Mzee alifanya hivyo bunduki ikiwa mpya. Kaipiga maisha yake yote, mtutu umelika. Risasi yako inapwaya humo kama mguu wa mtoto kwenye buti la babake. Mifuo haiikamati, haizunguki, halafu unataka iende sawa." Alitungua kalibu nyingine ukutani. "Mimina na hii, inatoa nene. Usiikaze kwenye pete yoyote kabla hujaijaribu mdomoni mwa mtutu. Iuzidi mtutu kwa unywele tu."

"Na Orpha?"

"Orpha kafiwa na mume, Verlin. Mwache."

Verlin alielewa kila neno, na hapo ndipo palipomuuma. Ikiwa kosa lilikuwa la pete, hapakuwa na mchawi. Na kama hapakuwa na mchawi, ilibaki zamu ile tu, na mtu aliyeiomba.

Aliondoka na kalibu bila kuaga.

Wazee wa bonde lile walikuwa na dawa ya bunduki iliyofungwa. Unamchora mchawi kwenye ubao. Unampiga kwa risasi iliyochanganywa na fedha. Pale itakapompata kwenye ubao, ndipo patakapomuuma mwilini. Kisha atakuja kwako kuomba kitu, hata kiwe kidogo namna gani. Akipewa, anapona. Akinyimwa, hamalizi wiki.

Kesho yake Verlin alikwangua kijiko cha fedha cha bibi yake kwa tupa, akautia unga wake kwenye madini. Nta aliyoitupia humo kusafisha uchafu ikashika moto. Moshi ulinuka kama nywele zilizoungua...

Alifungua kalibu. Risasi ilianguka nene, nyeupe. Akaijaribu mdomoni mwa mtutu. Ikakwama. Akaikaza kwenye pete pana zaidi mpaka ikauzidi mtutu kwa unywele, akaipaka mafuta, akaipachika kwenye ganda lenye baruti.

Kisha akachora kwa mkaa. Kichwa. Gauni. Miguu miwili. Uso hakuuchora.

Jua lilipogusa kilima, alilenga goti. Achecheme tu, alijiambia. Achecheme kidogo.

Mlio.

Tundu lilikuwa duara safi, katikati ya goti.

Jioni iliyofuata alikuwa mezani na maharage na mkate wa mahindi aliposikia hatua barazani. Hatua moja... kisha mburuto. Hatua moja... kisha mburuto.

Kijiko kikabaki hewani.

"Shemeji."

Alikiweka kijiko mezani polepole kisilie.

"Shemeji, najua umo. Naiona taa."

"Unataka nini?"

"Nimeishiwa chumvi. Nigawie hata kijiko."

Kopo la chumvi lilikuwa mezani, karibu na mkono wake.

"Umepita mlangoni kwa Dorsey," alisema. "Kwake hakuna chumvi?"

"Ipo. Ila kwa Dorsey sina neno la kusema." Ubao wa baraza ulilia. Alikuwa anahamishia uzito mguu wa pili. "Yale ya makaburini niliyasema kwa uchungu. Coy angeishika zamu yako hata usingemwomba. Unamjua alivyokuwa."

Verlin alikuwa amelikamata kopo.

"Nimechoka kukuchukia," sauti ilinong'ona. "Goti limenishika tangu jana, sijui limeingiwa na nini, nikasema nitakuja hivyo hivyo. Fungua basi. Baridi."

Ilikuwa hatua nne kufika mlangoni. Angefungua, angeliona goti. Angeliona, angejua alichofanya, na yeye Orpha angesoma usoni mwake kwamba anajua.

"Sina chumvi," Verlin alisema.

"Haya, shemeji."

Hatua moja... kisha mburuto. Ulisikika mpaka barabarani.

Dorsey ndiye aliyeleta habari, kabla wiki haijaisha. Alisimama kizingitini, kofia mkononi, hakukubali kuketi.

"Daktari anasema damu iliganda mguuni, ikapanda mapafuni."

"Basi ni hiyo."

"Pengine. Waliomwosha wanasema goti lilikuwa jeusi. Duara dogo hivi. Ngozi nzima, haina hata mkwaruzo." Alimtazama kwa muda. "Nirudishie kalibu yangu."

Verlin alimpa. Dorsey alipoondoka, Verlin alichukua sepetu akaenda nyuma ya ubao, kwenye ukingo wa udongo uliopokea risasi zake zote. Alitaka kuiona. Imebondeka au imepasuka, iwe vyovyote, mradi imo udongoni.

Alizipata za zamani, nyembamba, zenye ubavu laini bila alama ya mfuo hata mmoja. Alizipanga chini. Akachimba zaidi. Akachekecha udongo kwa vidole.

Ile nene haikuwamo.

Alirudi kwenye ubao, akapitisha ufito kwenye tundu la goti mpaka ukagusa ukingo, mahali ambapo sepetu ilikuwa haijafika. Udongo pale ulikuwa mgumu, na majani madogo yameota juu yake. Hakuna kitu kilichowahi kuingia hapo.

Kengele ya kanisa ilianza kulia kwa ajili ya Orpha. Watu wangemtazamia kubeba jeneza, yeye ndiye shemeji pekee.

Verlin aliiacha sepetu, akaendelea kuchimba kwa mikono.