Dole la Mama

Haya nilisimuliwa na mjukuu wangu Chiriku jana, tukichambua mchele. Jina hilo tulimpa kwa sababu mdomo wake haujui kupumzika.

Kila asubuhi ya likizo Chiriku hufagia karakana ya baba yake, fundi wa kuchomea vyuma. Siku hiyo alikuwa bado anazoa vumbi la chuma redio ilipotangaza hukumu: kila mdhamini wa mgombea urais aweke mwenyewe alama ya dole gumba kwenye fomu. Baba akazima mashine.

"Dada yangu amekwisha," alisema.

Dada yake, yaani shangazi yake Chiriku, ni muuguzi. Alitaka kugombea urais bila chama. Kanuni ya zamani ilimruhusu mwenye nyumba kuwawekea dole watu wote wa kwake, na mtaa mzima ulifanya hivyo. Sasa mahakama imekataa, na mwisho wa kupokea fomu ni siku hiyohiyo, saa kumi.

Baba na Chiriku walimkuta shangazi kwenye benchi la ofisi ya uchaguzi, akiwa na sare yake ya kazini.

"Madole ya kuwekewa nayafuta," afisa alimwambia baba. "Mkeo aliweka mwenyewe?"

Baba alikohoa. "Aliweka."

"Eti, binti?"

Chiriku alimtazama baba, akamtazama shangazi. Machozi yalimlenga. "Mama alikuwa sokoni. Baba ndiye aliyemwekea."

"Wee! Mdomo huo!"

"Mwache, kaka," shangazi alisema. "Nitaapaje kulinda sheria kwa dole la uongo? Futa, afisa. Futa yote ya namna hiyo."

Baba akashika simu, Chiriku akatimua mbio mtaani, kuwaita watu waje kuweka dole wenyewe. Mwashi yuko juu ya paa mji wa pili. Wana wa mshonaji wamesafiri. Wengine walimjibu, "Si nilishawekewa? Mnataka nini tena?"

Mama aliacha nyanya zake kwa jirani, akaja akihema.

"Wifi, mara ya kwanza hamkuniuliza."

"Kweli, hatukukuuliza. Nisamehe. Sasa nakuuliza."

"Na nikikataa?"

"Utakuwa umekataa wewe, si mumeo."

Mama akacheka, akabonyeza dole. Wakaja wengine wachache. Saa kumi ikagonga na madole hayakutosha. Shangazi alimtazama afisa.

"Sheria sikuitunga mimi, dada," afisa alisema, akafunga mlango polepole.

Nyumbani baba alifoka. "Kubadili kanuni wakati mchezo unakaribia kwisha! Huo si uonevu?"

"Wamenibadilishia kanuni siku mbaya, na sina la kufanya," shangazi alisema. "Hata kulia sina nguvu. Lakini walichosema ni haki. Chiriku, ukweli unaweza kukukosesha unachokitaka. Useme tu. Na mtu mwenye mdomo wake usimsemee, kamuulize."

Baba aliinama. "Nisamehe, mwanangu, nilikukaripia bure. Wa kukaripiwa nilikuwa mimi."

"Hilo nalo umesema mwenyewe," mama alidakia, na hata baba akacheka kidogo.

Hakuna aliyekula vizuri. Baba alitangulia kulala, mama akamfuata, na Chiriku akapitiwa na usingizi akiwa ameketi mkekani, kichwa mapajani pa shangazi yake aliyekaa kitini. Shangazi mwenyewe aliniambia kuwa hakutaka kumwamsha. Alibaki kitini na sare yake na viatu vyake, macho ukutani, mpaka naye usingizi ukamchukua.