Zingifuri Ndani ya Maji ya Vifaranga

Kila asubuhi, kabla ya kuweka chapati za mahindi motoni, Neyda Canul alichuchumaa uani akakagua kinyesi cha vifaranga.

"Wenzako wakiamka hutazama kioo," shangazi yake Eufemia alimtania. "Wewe unatazama mavi!"

"Mavi hayanidanganyi, shangazi."

Vifaranga hao walianguliwa na kuku mwekundu wa mama yake Neyda. Mama alifariki mwanzoni mwa mwaka. Mwezi wa Novemba, marehemu wanaporudi kula na watu wao, Neyda alitaka kumwandalia pib, ule mkate mkubwa wa mahindi wenye kuku ndani, unaofukiwa shimoni juu ya mawe ya moto. Hakutaka kuku wa sokoni. Alitaka kuku wa mama mwenyewe. Kwa hiyo vifaranga hawa ilikuwa lazima wakue.

Asubuhi moja ya mvua, Neyda aliona kinyesi cha ajabu. Kilikuwa laini, kinanata, rangi yake kama chokoleti. Kilinuka vibaya.

"Shangazi! Njoo uone!"

"Sumu hiyo," alisema Eufemia. Alichukua zingifuri jikoni, ile rangi nyekundu ya kupaka nyama, akaikoroga ndani ya maji ya vifaranga. "Nyekundu hufukuza maradhi. Hata bibi yako alifanya hivi."

Kesho yake kinyesi kilikuwa chekundu. "Umeona? Dawa imepenya!" Eufemia alifurahi.

Lakini vifaranga watatu walikuwa wamejikunyata, manyoya yamesimama, mabawa yameshuka. Ilipofika mchana, mmoja wao akafa. Neyda hakungoja tena. Alikimbia kwa jirani yao, Bi Casilda Poot, aliyefundishwa ufugaji na ambaye huchanja kuku wa kijiji kizima.

Bi Casilda alifuatana naye hadi uani, akachuchumaa. Akachokoa kile kinyesi cha rangi ya chokoleti kwa kijiti, kisha akacheka.

"Hiki ndicho kilichokutisha? Hiki ni kizima, mwanangu! Kuku ana vifuko viwili mwishoni mwa utumbo. Kila baada ya muda hujimwaga. Kinanuka, lakini hakina ubaya."

"Na hiki kigumu kidogo, chenye kofia nyeupe?"

"Kizima pia. Ule weupe ni mkojo wake. Kuku hakojoi kando."

"Kumbe!" Neyda alisogea karibu. "Na hiki chekundu?"

"Hiyo ni zingifuri yangu," Eufemia alidakia.

"Huenda. Na huenda ni damu. Dada Eufemia, umempaka mwizi rangi ya ukuta. Sasa nani atamwona?"

Eufemia akainama, akachukua chombo cha maji.

Walimwaga yale maji, wakaosha chombo, wakaweka maji safi. Wale wawili waliojikunyata waliwekwa peke yao. Kisha Neyda akatandika maboksi makavu juu ya matandiko ya vifaranga wote, ili rangi ya kinyesi ionekane wazi.

Asubuhi iliyofuata alikuwa wa kwanza kuchungulia. Chini ya wale wazima, wekundu ulikuwa umekwisha. Kinyesi kilikuwa cha kahawia, na kofia zake nyeupe. Lakini chini ya wale wagonjwa kulikuwa na ute wenye michirizi myekundu.

"Damu," Neyda alinong'ona.

"Ni ugonjwa wa kuhara damu," alisema Bi Casilda, aliyekuwa amerudi kuwaona. "Vijidudu vyake hupenda unyevu. Vifaranga wanadonoa matandiko yaliyochafuliwa na kinyesi, wanavimeza. Nenda sasa hivi duka la dawa za mifugo. Taja ugonjwa wenyewe na umri wa vifaranga. Dawa itiwe kwenye maji kwa kipimo kilichoandikwa, na wote wanywe, maana hata wazima wamekwisha kudonoa uchafu ule ule. Toa matandiko yaliyolowa. Chombo cha maji kiweke juu ya jiwe, wasikinyee."

"Na wakigandwa na kinyesi cheupe matakoni?"

"Futa polepole kwa maji ya uvuguvugu, mkaushe, muweke penye joto. Kikizidi, niite. Usinipikie zingifuri!"

Hata Eufemia alicheka. Ndiye aliyebeba matandiko mabichi kwenda kuyatupa.

Mgonjwa mmoja alikufa. Mwenzake alipona, na wengine wote wakakua.

Novemba, shimo lilichimbwa uani na mawe yakawaka. Neyda alimwona shangazi akitoka jikoni na zingifuri mkononi.

"Hiyo inakwenda wapi?"

"Kwenye unga wa pib, we mtoto! Maji ya kuku siyagusi tena."

Mezani waliwasha mshumaa wa mama. Wakaweka kikombe cha chokoleti ya moto. Neyda alikitazama kidogo.

"Usiseme neno," Eufemia alimwonya. "Najua. Ni kizima."

Neyda alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akakata kipande cha kwanza cha pib, chenye paja la kuku wa mama, akakiweka mahali pa mama.