Harufu ya Moshi kwenye Bahasha ya Lusia

Bahasha ilifika Nachingwea ikiwa imefungwa vizuri, lakini kitu muhimu kuliko vyote hakikuwamo ndani.

Inspekta Raudha Masoudi aliikuta mezani, katika ofisi ya udahili ya Chuo cha Uuguzi Nuru ya Kusini. Ilikuwa bahasha kubwa ya kaki. Pembeni yake zilipangwa karatasi zilizotoka ndani: nakala ya cheti cha kuzaliwa, barua ya mtendaji wa kijiji na picha ndogo. Hati halisi ya matokeo ya kidato cha nne haikuwepo.

Kwa sababu hiyo, chuo kilikuwa kimefuta udahili wa Lusia Benedikto, mwanamke mtu mzima kutoka Nambilanje, wilaya ya Ruangwa, aliyesoma masomo ya jioni. Lusia alikata rufaa, akaenda pia polisi kutoa taarifa ya wizi. Bodi ya chuo ingeisikiliza rufaa yake Ijumaa. Leo ilikuwa Jumatano. Kuomba hati nyingine kungechukua miezi, na kufikia hapo kitanda chake bwenini kingekuwa na mtu mwingine.

Ofisa udahili, binti mchangamfu aitwaye Doreen, alieleza kwamba aliifungua bahasha mbele ya wenzake wawili. Wote waliona kilichokuwamo na kisichokuwamo.

"Ilikuwa na dalili ya kufunguliwa njiani?" Raudha aliuliza.

"Hapana, afande. Ila ilikuwa inanuka."

"Inanuka nini?"

"Moshi. Nilidhani aliyeileta ameshinda kwenye nyama choma."

Raudha aliinusa. Harufu bado ilikuwapo, na ilimgusa mahali asipopatarajia. Hii haikuwa harufu ya nyama. Ilikuwa harufu ya jiko la mama yake kule Mandawa, jiko la kuni lenye kuta nyeusi. Mama alifariki Raudha akiwa mafunzoni, na alipofika nyumbani alikuta udongo wa kaburi umeshasawazishwa. Alimwombea kimoyomoyo, maneno machache tu, kisha akaigeuza bahasha na kuigongagonga juu ya karatasi nyeupe.

Punje mbili za ufuta zikadondoka.

Lusia alikuwa anasubiri kwenye benchi la nje. Vidole vyake vilikuwa na madoa meusi ya maji ya korosho. Alisimulia kwa utaratibu, kama mtu aliyekwisha kulisimulia jambo hilo peke yake mara nyingi.

Alisema darasa lao la jioni liko katika shule ya msingi ya kijiji, na madawati ni ya watoto, magoti hayaingii. Hesabu zilimshinda mara ya kwanza, akarudi. Mwalimu Fortunatus ndiye aliyeweka karatasi zote ndani ya bahasha, hati ikiwamo, na kuifunga kwa gundi ya dukani mbele ya macho yake. Lusia akaenda nayo nyumbani jioni ile. Asubuhi akamkabidhi Ausi wa bodaboda aipeleke, kwa sababu korosho zilikuwa zinadondoka, na zisipookotwa huokotwa na wengine.

"Nyumbani unakaa na nani?"

"Na mama tu. Mama Klementina."

"Una ugomvi na mtu?"

"Afande, mtu akitoka shamba anaingia darasani. Muda wa kugombana ataupata wapi?"

"Kwa nini uuguzi?"

Lusia aliangalia mikono yake. "Zahanati yetu ukifika usiku unakuta kufuli. Nataka mtu akija anikute."

Raudha aliandika kila neno. Hilo la mwisho halikuwa ushahidi, lakini aliliandika.

Ausi alikuwa ameshikwa tangu jana yake. Kituoni aliletwa chumba cha mahojiano akiwa bado amevaa koti lake zito la safari.

"Uliwahi kusoma darasa moja na Lusia."

"Niliwahi, afande. Nikaacha."

"Kwa nini?"

"Jioni ndiyo kuna abiria."

"Ulipoona mwenzako anakwenda chuo, ulijisikiaje?"

"Nilitamani. Kutamani nako ni kesi?"

"Hati iko wapi?"

"Afande, mimi nabeba mbuzi, nabeba maharusi, hata majeneza nimebeba. Ile hati ina jina la Lusia. Nikiiba ndiyo nitakuwa Lusia? Nitavaa na kile kigauni cha manesi?"

Raudha alijizuia asitabasamu. "Bahasha ilikuwaje ulipopewa?"

"Nyepesi. Na ilinuka moshi. Nilimtania kabisa, nikamwambia dada, umeipika? Akasema nimwondokee hapa, yeye anawahi korosho."

Kalamu ya Raudha ilisimama. Kama Ausi alisema kweli, bahasha ilinuka moshi kabla haijapanda pikipiki. Na darasani kwa Mwalimu Fortunatus hakukuwa na moto.

Alirudi mezani kwake na bahasha. Kituoni palikuwa na sanduku la huduma ya kwanza, na ndani yake chupa ya iodini, ile dawa ya kahawia ya vidonda. Alikumbuka maabara ya sekondari, jinsi kipande cha muhogo kilivyogeuka rangi mbele ya macho yao. Alidondosha tone moja kwenye pembe tupu ya bahasha. Likabaki la kahawia. Akadondosha la pili kwenye ukingo wa mfuniko, mahali palipobandikwa.

Tone likawa bluu, kisha jeusi.

Hiyo haikuwa gundi ya dukani. Ulikuwa uji wa muhogo. Mtu aliifungua bahasha kwa uangalifu, akachukua hati, akaibandika tena kwa uji, akaikausha juu ya moto ili isimsaliti asubuhi. Na mtu huyo alikuwa ameshika ufuta, wakati ufuta wa mwaka huu ulishauzwa wote tangu kiangazi kinaanza. Magunia yalishakwenda ghalani na mnadani. Majumbani umebaki ufuta wa aina moja tu.

Raudha alifunga macho. Alimwona mama yake amenyoosha mkono juu ya meko, kwenye uchaga mweusi kwa masizi, akishusha kibuyu.

Alhamisi alipita Ruangwa mjini mapema, akashika barabara ya vumbi ya kwenda Nambilanje. Lusia alikaa kando yake kwenye gari la polisi. Hakumweleza alichokuwa anakiwaza. Alimwomba Mungu dhana yake isiwe kweli.

Mama Klementina aliwapokea mlangoni, kikongwe mwembamba mwenye rozari shingoni. Raudha alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba. Baada ya hapo kikongwe alirudi kwenye Kimakonde chake, lugha aliyotoka nayo ng'ambo ya Ruvuma akiwa mtoto, na Lusia akawa anatafsiri. Raudha alijua Kimwera cha kwao. Kimakonde alikidaka neno hapa, neno pale.

Chakula kilikuwa tayari, na mgeni haulizwi kama ameshiba. Kikongwe aliteremsha sahani tatu, akapakua. Raudha alinyoosha mkono kuipokea ya tatu. Lusia akamgusa kidogo begani, akaenda kumletea ya nne.

"Hiyo ni ya nani?" Raudha aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ya kaka yangu. Jonasi. Alikwenda Dar es Salaam kusoma. Namba yake ya simu haipatikani tena. Mama humpakulia kila siku."

Walikula. Sahani ya Jonasi ilipoa peke yake. Walipokwisha kunawa, Raudha alitoa daftari.

"Muulize, usiku ule bahasha ililala wapi?"

Lusia aliuliza, akajibiwa. "Anasema mezani, nilipoiweka."

"Ufuta wa mwaka huu mmeuza wote?"

"Hilo najua mwenyewe. Wote. Imebaki mbegu."

"Mbegu iko wapi?"

Lusia alinyoosha kidole juu ya meko. Pale kwenye uchaga, ndani ya moshi unaofukuza wadudu, kilikaa kibuyu kilichozibwa kwa gunzi la hindi.

"Nani hukifungua?"

"Mama peke yake. Mbegu ni ya mkubwa wa nyumba, mwingine hagusi mpaka mvua inyeshe. Mimi tangu nizaliwe sijawahi kuingiza mkono mle."

Alipomaliza kusema, alisikia alichokisema. Akageuka kumtazama mama yake.

"Mwombe akishushe," Raudha alisema.

Halikuhitaji kutafsiriwa. Kikongwe aliinuka, akashika ukuta, akanyoosha mkono. Aliweka ungo chini, akang'oa gunzi, akakiinamisha kibuyu. Ufuta ulimiminika kwa sauti laini. Mwisho wa ufuta ikatoka karatasi iliyoviringishwa na kufungwa kwa kipande cha kanga.

Lusia hakuigusa.

Raudha aliifungua yeye. Ilikuwa imepata rangi ya chai pembeni, lakini jina lilisomeka, alama zilisomeka, na mhuri mwekundu ulikuwa mzima. Aliona sasa kwa nini mwizi aliacha karatasi nyingine zote. Mwizi hakujua kusoma. Alichukua ile yenye mhuri mwekundu.

Kikongwe alianza kusema. Alisema kwa muda mrefu, bila kulia, macho yake kwenye ungo.

"Anasemaje?" Raudha aliuliza.

Lusia aligeuza uso, akatazama mlangoni.

"Lusia. Lazima niandike. Anasemaje?"

"Anasema karatasi ya Jonasi nayo ilikuwa na mhuri mwekundu." Sauti yake ilikuwa ya chini, ya kusoma. "Jonasi alisimama kwenye mlango huu huu, akaahidi atarudi Krismasi. Hakusema Krismasi ipi. Anasema na mimi nimeahidi kurudi, tena kwa maneno yale yale, na nimesimama pale pale."

"Endelea."

"Anasema alisali rozari usiku, Mungu aifunge njia yangu. Mungu hakuifunga. Akainuka akaifunga yeye."

Raudha aliandika. "Anajua kwamba Ausi amelala mahabusu kwa ajili hiyo?"

Lusia aliuliza. Kikongwe aliweka kiganja juu ya mdomo. Hakuwa anajua.

"Muulize la mwisho. Kwa nini hakuichoma? Moto ulikuwa hapa hapa."

Lusia aliuliza. Safari hii jibu lilikuwa fupi, na hapo ndipo sauti ya mtafsiri ilipovunjika.

"Anasema angeichomaje, wakati aliniona jioni zote zile nikitoka na kibatari? Alitaka niwe nimesoma. Alitaka tu nisiondoke. Anasema angenirudishia karatasi wakati wa kupanda."

Nje kuku walikuwa wanaparua. Raudha alifunga daftari, akaeleza sheria ilivyo. Kuficha hati ya mtu ni kosa, na mlalamikaji ndiye mwenye neno la kuendelea au kuacha. Lusia alichuchumaa, akaanza kukusanya ufuta uliomwagika nje ya ungo, punje kwa punje. Mama yake akachuchumaa upande wa pili. Kwa muda mrefu mikono yao ilifanya kazi bila kugusana.

"Sina malalamiko," Lusia alisema mwishowe. "Lakini kesho nakwenda, mama. Usikie. Nakwenda." Alilisema kwa Kiswahili, kisha akalirudia kwa Kimakonde, ili lisipotee njiani.

Jioni ile Ausi aliachiwa. Raudha alimwomba radhi kama askari anavyoweza kuomba, yaani kwa kumrudishia ufunguo wa pikipiki mkononi. Ausi alisema radhi ameipokea, ila mafuta yaliyokwisha wakati askari wanaipeleka pikipiki kituoni hajayapokea.

Ijumaa asubuhi pikipiki hiyo iliingia uwanja wa chuo ikiwa na watu watatu, Ausi, mama katikati, na Lusia nyuma. Raudha aliangalia pembeni mpaka wote wakashuka.

Bodi iliketi. Raudha alitoa maelezo kwa ufupi: hati ilitolewa ndani ya bahasha nyumbani kwa mwombaji, na mtu mwingine, bila mwombaji kujua, mtu huyo amekiri, hati ni hii. Mwenyekiti aliipokea, akainusa, akampa jirani yake, naye akainusa. Waliilinganisha na matokeo yaliyotangazwa. Wakamuuliza Lusia maswali machache, akajibu akiwa amesimama wima. Aliulizwa kama ana kinyongo na aliyeificha. Alisema alikuwa nacho njia nzima mpaka Ruangwa mjini; kuanzia hapo alichoka kukibeba.

Rufaa ilikubaliwa. Doreen ndiye aliyemtoa nje na kumwonyesha bweni.

Mama Klementina alikuwa kwenye benchi la nje, rozari mkononi. Alimtazama binti yake akitembea kuelekea bwenini, akipungua kadiri anavyokwenda. Mlangoni Lusia aligeuka, akapunga mkono. Kikongwe alipunga pia, polepole, kisha mkono ukabaki hewani hata baada ya mlango kufungwa.

Raudha aliketi kando yake. Alitaka kuondoka, lakini hakuweza. Alifikiri juu ya mlango wa Mandawa, na mkono ambao labda nao ulibaki hewani.

"Afande," kikongwe alisema. Kilikuwa Kiswahili, kizito, kilichotafutwa neno kwa neno. "Wewe umetafuta karatasi. Umepata."

"Nimepata, mama."

"Mtu, unatafuta?"

Raudha alimtazama. Kisha alitoa daftari, akafungua ukurasa mpya, akaandika tarehe.

"Jina lake kamili?"

"Jonasi Benedikto."

"Alama yoyote?"

"Kovu. Hapa, kidevuni. Alianguka kwenye mkorosho."

"Umri?"

"Alipoondoka, ishirini na mbili."

"Na sasa?"

Mama Klementina alifikiri. Midomo yake ilisogea kana kwamba anahesabu mvua zilizopita, halafu ikaacha.

"Andika ishirini na mbili," alisema.