Watano, Toa Mmoja

Kompyuta ilimuuliza Merima habari za kuku, ilhali mchezo wenyewe ulikuwa wa matofaa. Mama yake, Nafija, aliyekuwa akitandaza unga wa pita, ule mkate mwembamba wa kujazwa nyama, juu ya meza, aliinua macho. Hakulipenda jambo hilo.

Mumewe, Hamdija, aliunasa mchezo ule redioni. Miaka hiyo redio ilirusha programu hewani, zikilia kama paka aliyebanwa mkia, na kila mwenye kompyuta alizirekodi kwenye kaseti. Madukani kaseti tupu zilikuwa zimeadimika, basi Hamdija akachukua moja katika sanduku la marehemu baba yake. Vile vijino viwili vya plastiki vya juu ya kaseti vilikuwa vimevunjwa makusudi, mtu asirekodi juu yake. Hamdija, bingwa wa kila kitu, akaziba matundu kwa selotepu.

"KUKU 7 − 2 = ?" Merima alisoma. Alikuwa na miaka minane, na hesabu za darasani zilikuwa zikimliza. Akahesabu vidole, akabonyeza. "Tano!"

Pii! SAHIHI. HONGERA, MERIMA.

"Hamdija, ni wewe uliyeandika jina lake humo?"

"Mimi? Hata kuiwasha tu kumenitoa jasho wiki nzima."

Papo hapo kuku wakapiga kelele uani. Nafija alikuta wawili nyuma ya kuni, shingo zimesokotwa mpaka midomo ikaelekea mkiani, na harufu ya nywele zilizoungua imetanda.

"Kicheche," Hamdija akasema.

"Kicheche gani anaua halafu hali? Amefunga?"

Nafija alitania, lakini mkono wake ulishika tumbo. Alikuwa na mimba ya miezi mitatu na hakuna aliyejua. Mbili za kabla yake zilikuwa zimeharibika, na mama mkwe wake, Nana Đula, alikuwa amemkanya: ikija nyingine usimwambie mtu, si mumeo, wala mimi, mpaka mtoto acheze tumboni. Nafija alifunga mdomo. Aliitaka mimba hii kwa roho yake yote.

Kesho yake adhuhuri, Hamdija akipasua kuni, mashine iliuliza: VIDOLE 10 − 2 = ?

"Nane! Mama, naweza sasa!"

Pii! Na Nafija akasikia shoka likipiga kitu ambacho si mti.

Hamdija alikuwa amepiga magoti, analia kwa sauti ambayo mkewe hajawahi kuisikia, na juu ya gogo vidole vyake viwili vilikuwa bado vinajikunja. Nafija alivua kitambaa cha kichwani akamfunga.

"Shoka lilinigeuka," Hamdija alinong'ona, meno yakigongana. "Kuna mtu alilishika mpini pamoja nami."

Jirani alimkimbiza hospitali. Nafija akarudi ndani, akang'oa waya wa umeme ukutani, akamwita Nana Đula kutoka ghorofani. Bibi huyo ndiye aliyekuwa akiwayeyushia madini ya risasi watu walioingiwa na hofu, akiyamimina majini ili kuwaagua, na mtaa mzima ulimwamini. Akaichukua ile kaseti, akaona wino wa kijani wa marehemu mumewe, kisha ile selotepu.

"Nani kaziba hapa? Shehe efendi alilisomea jini siku tatu mpaka akalifunga humu! Alivunja vijino kwa mkono wake, lisifutwe!"

"Hamdija, Nana. Alikosa kaseti."

"Mwanangu ni punda, na nimemzaa mwenyewe. Mlete mtoto, upesi."

Akamfunika Merima shuka, akashika bakuli la maji juu ya kichwa chake, akamimina risasi iliyoyeyuka huku akisoma. Risasi haikutulia majini kama siku zote. Ililipuka, ikamrukia Nana mkononi na shingoni, ngozi ikachemka, na yeye akaanguka kwenye jiko akiendelea kusoma kwa kupiga mayowe. Milango ya kabati ikapigwa na kupigwa, visu vikaruka vikachoma ukuta, na utepe wa kaseti ukachomoka kwenye plastiki yake, mweusi, mrefu, haukuwa na mwisho, ukapita juu ya meza, juu ya unga, ukapanda mgongoni kwa Merima na kumzunguka shingoni mara moja, mara mbili, mara tano, ukakaza mpaka macho yakamtoka mtoto.

Televisheni iliyokuwa kioo cha kompyuta ikawaka bila umeme. WATU 5 − 1 = ?

Nafija aliuvuta utepe, ukamkata viganja mpaka mfupani.

"Tano?" Nana alipaza sauti toka sakafuni. "Sisi wanne! Wewe, mimi, Hamdija na mtoto! Limejihesabu lenyewe, jinga hili! Litoe! Bonyeza nne, Nafija!"

Nafija alisimama na damu ikimchuruzika vidoleni. Yeye peke yake ndani ya nyumba ile ndiye aliyemjua wa tano. Alitaka kusema, na hapakuwa na muda wa kusema. Midomo ya Merima ilikuwa imegeuka buluu, na miguu yake ilipiga meza, kisha ikapiga polepole, kisha ikaacha.

Akabonyeza nne.

Pii! SAHIHI. HONGERA, NAFIJA.

Utepe ukalegea. Kioo kikapasuka, harufu ya nywele zilizoungua ikatoka dirishani, na Merima akavuta pumzi kwa mkoromo, akakohoa, akalia. Nana Đula akacheka na kulia pamoja, mkono umemuiva.

"Si nilikuambia! Limetoka! Tumelitoa!"

Nafija aliinama ghafla, akashika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Kitu cha moto kilimteremka mapajani, kikajaa kwenye kandambili.

"Mama," Merima aliuliza kwa sauti iliyokwaruzika, "tumepata?"

"Tumepata, mwanangu," Nafija akajibu. "Usiangalie chini."