Maji ya Mama Fanny

Asubuhi hiyo wanafunzi wa mwaka wa tano wa mwalimu Delphine waliingia darasani wamechoka. Jemima alikuwa akijisugua bega. Kabla ya shule alikuwa amepanga mstari na bidoni ya kutekea maji, kwa sababu bomba la mtaa wao lilikuwa limekauka. Wenzake wengi walikuwa na habari hiyo hiyo.

"Madame," Jemima aliuliza, "Kisangani iko na mto mukubwa. Sasa maji inakosa namna gani?"

Delphine aliona swali hilo lilipita somo aliloandaa. Akaamua kuwapeleka watoto kwenye maporomoko ya Wagenia. Huko wangeuona mto vizuri, na wangeona pia wageni wanaotoka mbali kuja kutazama wavuvi.

Siku ya matembezi ilikuwa ya furaha. Watoto waliwatazama wavuvi wakipanda juu ya miti iliyosimamishwa katikati ya maji yenye kasi, wakivuta vikapu vikubwa vya kunasia samaki. Jua likawa kali. Wakati wa kurudi waliona chemchemi ndogo chini ya kilima. Hakuna aliyeuliza ni ya nani. Walivua viatu, wakaingia. Walirushiana maji, wakatupa mifuko ya biskuti pembeni. Delphine mwenyewe alichovya kitambaa, akajipangusa uso.

Mara mama mmoja akateremka na bidoni kichwani. Alisimama, akatazama. Maji yalikuwa tope tupu.

"Madame, batoto yako banaosha miguu katika maji yetu ya kunywa!"

Aliitwa Mama Fanny, na nyumba yake ilikuwa juu ya kilima kile.

"Mujukuu yangu ametoka hospitali juzi, tumbo ilikuwa inamumaliza," alisema kwa hasira. "Kila dimanche kisha misa bageni banakuja, banaoga hapa, banaosha mapikipiki. Sasa na batoto ya masomo pia? Basi! Tutafunga hii njia. Mugeni hapiti tena."

Uso wa Delphine uliwaka kwa aibu. Angeweza kuwakusanya watoto na kuondoka haraka. Hakuondoka.

"Mama, tumekosa. Mimi wa kwanza," alisema. "Utuonyeshe namna ya kutengeneza."

Mama Fanny alitua bidoni yake. Kisha akamwita jirani yake, tonton, yaani mjomba, Gédéon, aliyefundishwa kazi ya kuhamasisha watu kuhusu afya mtaani. Gédéon aliwakalisha watoto kwenye majani.

"Mto iko mukubwa, ni kweli," alisema. "Lakini takataka ya vyoo na ya soko inateremukia mule. Ukikunywa ile maji hivi hivi, utagonjwa. Maji ya hapa inapita katika udongo pole pole, na udongo inaichuja. Ndiyo maana inapita ya mto kwa usafi. Lakini iko kidogo. Mukiichafua mchana, manyumba ya huku juu yanalala bila maji. Na hata ikiwa safi, tunaichemsha kwanza mbele ya kunywa."

"Donc, basi, mugeni asikuje tena?" Jemima aliuliza.

"Akuje! Lakini aulize wenyeji kwanza. Abebe maji yake ya kunywa. Arudi na takataka yake kwake."

Delphine aliahidi kwamba wangerudi Jumamosi kuitengeneza chemchemi. Wazazi wengine walikataa. "Nilituma mutoto kusoma, hapana kuchimba tope," baba mmoja alimwambia. Delphine hakubishana naye. Alikwenda na nusu ya darasa. Walitoa tope, wakachimba mfereji wa kuondoa maji machafu, wakazungusha uzio wa mianzi.

Mvua ikanyesha, ikachukua uzio wote.

Baadhi ya watoto walilia walipopata habari. Delphine aliwaacha walie, kisha akasema, "Tulijenga bila mawe. Jumamosi tutajenga na mawe."

Safari hiyo walimkuta Mama Fanny akiwangoja, jembe begani, pamoja na akina mama wa kilima. Gédéon alileta kipande cha bomba. Waliufunika mdomo wa chemchemi kwa mawe na udongo mgumu, wakalipitisha bomba katikati. Sasa mtu angeweza kuteka bila kukanyaga maji.

"Njia tunaiacha wazi kwanza," Mama Fanny alisema. "Tutaona."

Jumapili iliyofuata, Jemima alikuwa pale na Mama Fanny. Mwanamume mmoja kutoka mjini akafika na pikipiki iliyojaa matope, beseni mkononi.

"Papa, pole," Jemima alisema. "Hapa hatuoshe. Iko maji ya kunywa."

Mwanamume alicheka. "Maji haina mwenyewe, mutoto."

Jemima hakuondoka mbele ya bomba. Mama Fanny alimimina maji kutoka katika termosi yake, akampa mgeni. Akanywa yote, akashukuru.

"Imetoka hapa, papa," Jemima alisema. "Mama ameichemsha tu."

Mwanamume alitazama beseni lake. Akaangalia bidoni zilizopangwa mstari. "Nisamehe, mama," alisema. Akalifunga beseni nyuma ya pikipiki na kuondoka nayo chafu vile vile.

Msimu wa mvua ulipokwisha, Mama Fanny alitokea mlangoni pa darasa. Alikuwa amemshika mkono mjukuu wake, mashavu yamejaa. Tumbo halikuwa limemsumbua tena.

"Madame," aliita, "batoto ya mwaka wa nne, bale banaofuata hawa, utatuletea lini?"