Pete Iliyoenea Kila Kidole

Pete ilimwenea fundi kwenye kidole gumba, na hilo ndilo lililomkosesha raha. Alikuwa ameichonga kwa kipimo cha kidole cha mkewe, na mkewe alikuwa na vidole vyembamba kama penseli.

Aliivua, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha la karakana, kisha akaitia kidole cha mwisho. Ikakaa. Haikulegea wala haikubana. Akairudisha kwenye gumba. Ikapita kiungo bila kusita, ikatulia kwenye shina la kidole kana kwamba ilizaliwa hapo.

Watu walimwita Fundi Taratibu. Kazi yake ilikuwa ya mkono: msumeno, randa, patasi, tupa, na keekee ya kuzungusha. Mashine za umeme aliziita pupa yenye waya. Mtu wa namna hiyo hakosei tundu la pete. Hata hivyo alijiambia, "Macho yamezeeka," akaifunga kwenye kitambaa safi.

Kisa cha pete ni kwamba madini yalimwasha mkewe. Ile ya arusi ilimtoa malengelenge kabla fungate halijaisha, akaitia kabatini, na tangu hapo majirani hawakuchoka kuwatania: "Ninyi ni chanda na pete, ila pete imetoroka." Fundi alicheka nao, lakini neno lilimkaa. Ndipo mpasua mbao, jirani yake wa karakana, alipomletea kipande cha gogo lililomshinda.

"Hiki kimekula meno ya misumeno yangu yote," alisema mpasua mbao, akainua mkono uliofungwa kitambaa. "Na kikala kidole. Lakini uzuri wake, fundi, tazama mwenyewe."

Katikati ya kipande palikuwa na fundo jeusi, la mviringo kama mboni ya jicho. Seremala yeyote huliruka fundo. Fundi Taratibu aliona jambo jingine. Pete ya mti hupasuka upesi kwa sababu nyuzi za mti hupita moja kwa moja, na mahali zinapokatiza pete ndipo panapovunjika. Lakini pembeni mwa fundo nyuzi huzunguka. Mtu akitoboa moyo wa fundo na kuacha ule mzunguko, atapata pete isiyo na pa kupasukia. Aliwaza hivyo na kujisifu moyoni, kwa kuwa ni wazo la seremala na hakuna mwingine ambaye lingemjia.

Akakibana kipande kwenye jiliwa, akatoboa kwa keekee upande mmoja mpaka ncha ikachungulia, akakigeuza, akamalizia upande wa pili ili kisichanike. Moyo wa fundo ukatoka wote kuwa unga mweusi, laini kama masizi. Mkono wake wa kushoto ukaukusanya unga ule kwenye kopo bila yeye kufikiri, kama ulivyofanya maisha yake yote, maana unga wa mbao ukichanganywa na gundi huziba nyufa. Palikuwa na tundu la zamani ubavuni mwa kitanda cha mjukuu wake. Akaliziba kwa unga huo, akalisawazisha kwa kidole, akarudi kwenye pete: msumeno kukata umbo la nje, tupa kulainisha, msasa, halafu mafuta.

"Umeniletea nini?" mkewe alimwuliza alipofungua kitambaa. "Kijiti cha kuchokolea meno?"

"Vaa kwanza, mama."

Akaivaa. Ilimwenea. Mkewe akaunyoosha mkono, akautazama kwa muda mrefu.

"Haiwashi," alisema. "Ila ina joto. Kama kitu kilichotoka mfukoni mwa mtu."

"Ni mafuta hayo."

"Haya. Wewe ndiye fundi."

Kesho yake fundi alisikia tupa ikifanya kazi jikoni. Kwaruu, kwaruu, chuma juu ya mti mgumu. Tupa yake alikuwa nayo mkononi. Alikwenda akamkuta mkewe amesimama mbele ya meko, amempa mgongo, mikono imening'inia, hafanyi lolote.

"Mama, nini hicho?"

"Nini kipi?"

Mkewe alipofungua kinywa mlio ule ulikatika, na harufu ya mbao mbichi iliyopasuliwa sasa hivi ikajaa jikoni. Alipokifunga, kwaruu ikaanza tena, ndani ya koo lake.

Adhuhuri jogoo wa jirani aliingia jikoni kama kawaida yake. Siku zote mkewe humfukuza kwa maskhara: "Bwana arusi, rudi kwenu." Safari hii aliinama, akamshika kwa mkono wenye pete, akamkamua polepole, jinsi mtu akamuavyo nguo iliyofuliwa. Mifupa ililia kama vijiti vikavu. Akamweka mezani, akajifuta damu kwenye gauni.

"Vua hiyo pete," fundi alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Pete gani, baba?"

Fundi alitazama. Nyama ya kidole ilikuwa imepanda juu ya kingo za pete pande zote mbili, kama gome la mti linavyoumeza msumari.

Alimshika mkono ili aivute. Mkewe, aliyekuwa akiomba wengine wamfungulie vifuniko vya chupa, alimwinua kwa mkono mmoja na kumtupa kwenye mlango hadi bawaba ya juu ikang'oka. Kisha akaketi na kumpakata mjukuu wao, aliyeitwa Kijino kwa ajili ya jino lake moja lililoota mbele, akaanza kumbembeleza kwa ule wimbo wa tupa. Fundi hakuthubutu hata kukohoa. Alikaa sakafuni, macho kwenye ule mkono na shingo ya mtoto.

Binti yao, mama yake Kijino, alikuwa muuguzi. Alirudi kazini alasiri, bado amevaa sare, akanyoosha mkono ampokee mwanawe.

"Shikamoo mama. Hajakusumbua?"

Fundi alitaka kusema usimguse, lakini mkewe alikuwa ameshamdaka binti kifundo cha mkono, akakizungusha kama mtu azungushaye keekee, bila hasira, bila haraka, mzunguko baada ya mzunguko, mfupa ukakatika kwa mlio ambao fundi alijua angeusikia kila atakapovunja ubao mpaka siku ya kufa kwake, na binti akapiga magoti lakini hakulia, kwa kuwa macho yake yote yalikuwa kwa mtoto, naye fundi akaruka, akamnyakua Kijino kutoka kwenye mapaja yale, akamsukumia binti kifuani, na mchi wa kutwangia mkononi mwa mkewe ukamshukia ubavuni mara ya kwanza, na mara ya pili, na alipoanguka ukamfuata chini. Binti alimbeba mtoto kwa mkono mmoja hadi chumbani, akamweka kitandani mwake, akafunga mlango.

"Ametulia kitandani," aliita kutoka huko. "Baba, uko hai?"

Aliyemwokoa fundi ni mpasua mbao, aliyesikia kishindo akaja na kamba ya kufungia magogo. Hata kwa ubavu wake wote, alipoteza meno mawili na kipande cha sikio kabla hawajamlaza mwanamke juu ya meza ya kazi karakanani, wakamfunga kiuno na miguu, na ule mkono wenye pete wakaubana kwenye jiliwa, juu ya kitambaa kilichokunjwa. Kisha mpasua mbao akakimbia kumwita mganga, damu ikimchuruzika kidevuni.

Mganga mwenyewe alikuwa mshona viatu. Alikuja na aproni yake ya ngozi, hana kibuyu wala hirizi. Aliinama, akanusa pumzi ya mwanamke.

"Wewe ni nani?" aliuliza kwa upole.

"Mwenye nyumba." Haikuwa sauti ya mwanamke wala ya mwanamume. Ilikuwa sauti ya mti unaoelemewa.

"Nyumba ipi?"

"Mwulize fundi. Alikuja na chuma. Akazungusha, akazungusha, akanitoboa moyoni. Alipomaliza akaniita pambo."

"Hakujua. Mwache mkewe uende zako."

"Niende wapi? Nyumba sasa ina tundu. Nimepata cha kuziba."

Meza ililia. Kamba ya kiuno ilianza kukatika uzi mmoja mmoja. Mganga akamvuta fundi kando.

"Pasua pete. Aliyechonga ndiye apasue, kwa chombo chake mwenyewe. Mwingine akigusa, itahamia kwake."

Fundi aliitazama ile pete. Mbavu zilimchoma kila alipovuta pumzi.

"Haipasuki," alisema.

"Kila mti hupasuka."

"Nyuzi zake zinazunguka, mganga. Patasi haina pa kuingilia, itateleza tu. Niliichonga isipasuke."

Mganga akautazama mkono uliobanwa. Nyama ilikuwa imebakiza ukingo mwembamba tu wa pete, na weusi ulikuwa umeshapanda kwenye mishipa kuelekea kiganjani.

"Basi unajua kilichobaki," alisema. "Na weusi ukifika kwenye kiwiko, utakata zaidi."

Fundi akachukua patasi pana, ile aliyoinoa asubuhi, na nyundo ya mti. Akaipanga patasi kwenye shina la kidole. Akaipanga tena. Akaondoa patasi, akaipangusa kwenye suruali.

Hapo kwaruu ikakatika, na mkewe akamtazama kwa macho yake mwenyewe.

"Baba," alinong'ona. "Leo tu, usiwe taratibu."

Akapiga. Pigo moja. Chuma kilipita nyama na mfupa, kikazama ubaoni, na damu ikaruka hadi kwenye kioo cha dirisha. Mwanamke alipiga yowe, na chini ya yowe lake kulikuwa na yowe jingine, zito, lililofanya misumeno yote ukutani itikisike kwenye misumari yake. Kidole kikabaki mezani. Pete ikajivua yenyewe, ikaanguka, ikabingirika sakafuni kuelekea mguu wa mpasua mbao, ikipanuka ilivyokwenda, mpaka ingeweza kupita unyayo. Mganga akaikanyaga kwa kisigino.

"Fundi, wewe. Itie motoni. Na kila kilichotoka kwenye mti ule, kusibaki hata kijiti."

Fundi akaitia kwenye jiko la mkaa. Akatupia na mabaki ya kipande, na maranda aliyoyafagia kwa mikono chini ya meza, akipiga magoti juu ya damu ya mkewe. Moshi ulinuka nywele. Kitu kilikwaruza ndani ya makaa, kikapunguza kasi, kikanyamaza.

Binti alikuwa ameshafika, mkono mmoja umening'inia kama si wake. Kwa mkono mzima na kwa meno alimfunga mama yake jeraha, akakaza, akaangalia kama damu inapita. Weusi ulikuwa umeondoka mishipani. Harufu ya mbao mbichi ilikuwa imekwenda.

"Mama, unanisikia?"

"Nakusikia." Midomo ilikuwa imemkauka. Aliutazama mkono wake, kisha mumewe. "Sasa majirani watasema pete imetoroka na chanda."

Mpasua mbao akacheka kwa mdomo wake uliovimba, halafu akaanza kulia. Fundi akaketi kwenye kigoda, akakiweka kichwa chake kwenye goti la mkewe. Alikuwa hai. Walikuwa hai wote.

Mganga alikuwa mlangoni akiweka sawa aproni yake. Akageuka.

"Fundi. Ule moyo wa fundo, uliokuwa mahali pa tundu. Nao uliutia motoni?"

"Haukuwa kitu. Ulitoka unga tupu."

"Najua ni unga. Uko wapi?"

Fundi alifungua kinywa amjibu kwamba aliufagia. Lakini mkono wake wa kushoto, uliokuwa juu ya goti la mkewe, ulikuwa umekumbuka kabla yake, na vidole vilianza kwenda huku na huku, vikisawazisha kitu kisichokuwapo.

Ndipo wakasikia sauti kutoka chumbani, ndogo, nyembamba kama ya tupa ya kuchongea meno ya msumeno: kwaruu, kwaruu.

Fundi alifika mlangoni mwa chumba kabla ya mganga. Kijino alikuwa amesimama kitandani, ameushika ubao wa ubavuni, jinsi watoto wanavyojifunza kusimama. Lile tundu la zamani ambalo fundi aliliziba kwa unga mweusi lilikuwa na tundu jipya katikati yake, la mviringo, safi, lililotobolewa kama kwa keekee nyembamba kuliko zote. Mtoto alikuwa ameingiza kidole. Kilizama hadi kwenye shina, na kilienea. Hakikulegea wala hakikubana.

Alimwona babu yake akamchekea, jino lake moja likang'aa, na kwaruu ikakatika. Alipofunga kinywa ikaanza tena.

Nyuma yake fundi alisikia patasi ikichomolewa kutoka kwenye ubao wa meza, kisha ikifutwa polepole kwa ngozi. Mganga alikuja akasimama kando yake, akamnyooshea mpini bila kumtazama usoni.

Binti akatokea kwenye ushoroba, ameukumbatia mkono wake uliovunjika. Aliwatazama wote wawili, na kile chuma kilichokuwa kati yao.

"Baba," alisema kwa sauti ya chini. "Hiyo patasi ni ya nini?"